Neno "sisal" si la Kijerumani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nirekebishe mambo mawili yaliyoandikwa katika makala ya gazeti lako kuhusu mkonge wa Tanga. Habari za bei, za mashamba na za wakulima wadogo mwandishi alizieleza vizuri, sina neno hapo. Alipofika kwenye majina ndipo alipoteleza. Alisema neno la Kiingereza "sisal" ni la Kijerumani, na kwamba Wajerumani walilileta pamoja na mche wenyewe. Kisha akaongeza kuwa "katani" yetu na "cotton" ya Waingereza ni neno moja. Yote mawili si kweli, na yeyote mwenye kamusi kubwa na subira kidogo anaweza kuhakikisha.

Tuanze na tarehe, maana tarehe humaliza ubishi mapema. Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliingiza mkonge huu kwetu mwaka 1893. Aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, Marekani, ile inayoota juu ya mlingoti mmea ukishatoa maua. Ilipitia bandari ya Hamburg, mingi ikafa njiani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Sasa fungua kamusi ya Kiingereza inayotaja mwaka ambao kila neno lilionekana kwa mara ya kwanza katika maandishi: "sisal" limewekewa 1843. Ni miaka 50 kamili kabla ya miche ile kutua, na zaidi ya miaka 40 kabla ya Ujerumani kuwa na koloni lolote upande huu wa Afrika. Waingereza na Wamarekani walikuwa wakiliandika neno hilo wakati Hindorf hajazaliwa.

Neno limetoka wapi basi? Sisal ni jina la bandari. Ipo mpaka leo, mji mdogo wa pwani kaskazini-magharibi mwa rasi ya Yucatán, Mexico, kwenye Ghuba ya Mexico, upande wa Mérida. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mzigo mwingi wa Yucatán ulitokea hapo, na mzigo wenyewe ulikuwa nyuzi za kusokotea kamba za meli. Karani wa New York aliyepokea marobota hayo hakujua mmea wala shamba. Alijua mahali yalikopakiwa, akayaita nyuzi za Sisal. Jina likashika sokoni kiasi kwamba hata biashara ilipohamia bandari mpya ya Progreso katika miaka ya 1870, hakuna aliyebadilisha lugha.

Wenyeji, yaani Wamaya, hawakuuita mmea huo sisal hata siku moja. Kwao ni "ki", na wanatofautisha "sacki", ki nyeupe, na "yaxki", ki ya kijani. Hapa pana utata ambao mwandishi wa makala hakuugusa, nao ndio utamu wa habari yote. Sehemu kubwa ya nyuzi zilizouzwa duniani kwa jina la Sisal ilitokana na ile nyeupe, ambayo kwa Kihispania na Kiingereza huitwa "henequen". Mkonge wetu ni ile ya kijani. Kuzitofautisha si kazi: jani la mkonge wa Tanga lina mwiba mmoja mweusi kwenye ncha na kingo zake ni laini, ilhali jani la henequen lina miiba kingoni huku na huku. Mkata mkonge wa Muheza akioneshwa jani la Yucatán ataona mara moja kwamba si lake.

Ile ya kijani ilipataje kubeba jina la bandari? Kazi hiyo aliifanya Henry Perrine, daktari aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Campeche, si mbali na hapo. Katika miaka ya 1830 alipeleka mimea mingi ya nchi za joto huko Florida, ukiwemo huu, na mwaka 1838 akaupa jina la kisayansi: Agave sisalana. "Agave" ni la Kigiriki, lenye maana ya adhimu au tukufu, na lilikuwa limekwisha kuchaguliwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. "Sisalana" ni Kilatini cha kuungaunga, maana yake "wa Sisal". Perrine aliuawa mwaka 1840 katika shambulio kwenye kisiwa cha Indian Key, lakini mimea iliendelea kuota yenyewe huko Florida. Ndiyo maana Hindorf aliagiza Florida, kwani Yucatán haikuwa na sababu ya kumuuzia mtu mbegu za kuja kushindana nayo. Wajerumani walilichukua neno kama walivyolikuta sokoni, wakaita nyuzi hizo "Sisalhanf". Kwa hiyo "sisal" ya Kiingereza na "Sisal" ya Kijerumani ni ndugu, na mzazi wao ni ile bandari ya Mexico.

Ikiwa mwandishi anataka neno ambalo Mjerumani kweli alituachia kwenye mashamba haya, alikuwa nalo mbele ya macho: "korona", mashine ya kusindika majani. "Corona" lilikuwa jina la mashine iliyotengenezwa na Krupp. Leo mtu anasema "kazi ya korona" bila kumfikiria Mjerumani yeyote.

Kuita bidhaa kwa jina la bandari au la nchi ya muuzaji si jambo geni kwetu pwani. Pilipili manga inaitwa hivyo kwa sababu iliingia na majahazi ya Manga, yaani Uarabuni, ilhali ilikuwa ikilimwa Malabar, India. Nguo ya merikani ilipata jina kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliojaa Unguja hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833, na hata vitambaa vya namna ile vilipofumwa Bombay, mnunuzi wa Bagamoyo aliendelea kudai merikani. Kwa Kiingereza "calico" ni Calicut, na "mocha" ni bandari ya Yemen iliyopakia kahawa ya milimani. Walimu wetu nao wanabandika ukutani karatasi ya manila. Karatasi hiyo ilikuwa ikitengenezwa kwa kamba kuukuu za Manila, Ufilipino, na nyuzi za kamba hizo zinatoka kwenye mmea wa jamii ya mgomba.

Nyuzi za Manila Waingereza waliziita "Manila hemp", na zetu wakaziita "sisal hemp". Neno "hemp" lenyewe ni la mmea mwingine kabisa: ni bangi, au niseme aina ya bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi. Kwa karne nyingi ndiyo ilikuwa nyuzi kuu ya kamba za Ulaya, hivyo kila nyuzi mpya ngumu iliyotoka ng'ambo ikavishwa jina hilo. Hata nyuzi za mkonge wetu wa asili, ule wa porini wa jamii ya sansevieria, zilijulikana London kama "Pangane hemp" kabla ya Hindorf kuja. Mkonge ni jina la mmea huo kwanza, halafu likahamishiwa mgeni kutoka Mexico. Anayedhani neno "mkonge" lilibuniwa kwa ajili ya mashamba ya Mjerumani naye amekosea.

Nasaba ya "hemp" inafaa kuangaliwa polepole, maana inaonesha jinsi wataalamu wanavyopima maneno. Kiingereza cha kale kiliandika "hænep". Kiholanzi kina "hennep", Kijerumani "Hanf". Kigiriki kina "kannabis", neno ambalo Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, alilitumia katika karne ya 5 kabla ya Kristo alipoeleza habari za Wasikithi, wafugaji wa kuhamahama kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Msomaji atauliza: "hemp" na "kannabis" zinafananaje? Kwa sikio, hazifanani. Kwa kanuni, zinafanana herufi kwa herufi. Mwaka 1822 Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, alieleza kwamba katika lugha za Kigermanik, yaani ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, sauti k ya zamani iligeuka h na sauti b ikageuka p, kwa utaratibu maalumu. Ndiyo maana pembe kwa Kilatini ni "cornu" na kwa Kiingereza "horn". Mia ni "centum", inayotamkwa kentum, na kwa Kiingereza "hundred". Mdomo ni "labium" na kwa Kiingereza "lip". Weka kannabis kwenye kanuni hiyo: k inakuwa h, b inakuwa p, silabi za mwisho zinakatika kama zilivyokatika katika maneno mengine mengi ya ukoo huo, unapata hanap, kisha hænep, kisha hemp.

Wasomaji wa Tanga hawahitaji Kilatini kuelewa kanuni ya namna hii. Wanaopakana na Wamvita, yaani Waswahili wa Mombasa, wanajua: sisi tunasema macho, wao mato, sisi mchele, wao mtele, sisi chini, wao tini, sisi kucheka, wao kuteka. Ch yetu ni t yao, na inakwenda hivyo neno baada ya neno. Lakini Mmvita akitaka chai anasema chai, hasemi tai. Kwa nini? Kwa sababu chai ni neno la kukopa, limeingia baada ya tofauti ile kuwa imekwisha kujengeka. Kwa hiyo neno lisilofuata kanuni linakupa habari kubwa kama lile linalofuata: linakwambia kwamba limefika baadaye.

Kiingereza kina mfano wa aina hiyo hiyo kwenye neno letu hili hili. "Canvas", kitambaa kizito cha matanga na maturubai, nacho kimetokana na "cannabis" ya Kilatini, kwa kuwa kilifumwa kwa nyuzi hizo. Lakini angalia kilivyoanza: ni k, si h. Kimepitia Kifaransa na kuingia Uingereza katika Zama za Kati, baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi hiyo, wakati mageuzi ya k kuwa h yalikuwa yamekwisha miaka zaidi ya elfu moja nyuma. "Hemp" na "canvas" ni neno moja lililoingia nyumba moja kwa milango miwili, kila moja kwa wakati wake.

Nirudi kwenye "katani" na "cotton". Katani ni Kiarabu "kattān", kitani, nguo na nyuzi za mmea ule mwembamba wa Misri na nchi za baridi. "Cotton" limetoka kwenye Kiarabu "quṭn", pamba, likapitia Hispania na Ufaransa hadi Uingereza. Aliyesoma chuoni hata juzuu moja anajua kwamba kaf si qaf, na te si to. Kattān ina kaf na te. Quṭn ina qaf na to. Ni mashina mawili. Kiswahili kinayatamka yote kwa k na t moja, na Kiingereza kadhalika, ndipo yakaonekana pacha. Mwandishi alilinganisha maneno yakiwa yamekwisha kupoteza alama zake. Angerudi hatua moja nyuma, kwenye maandishi ya Kiarabu, kosa lisingetokea. Sura kufanana na maana kukaribiana havitoshi. Kifarsi kina neno "bad" lenye maana ya mbaya, sawasawa na "bad" ya Kiingereza, na hayana udugu wowote.

Nadhani najua pia alivyofikia kwenye Ujerumani. Maelezo ya asili ya neno katika kamusi za Kiingereza huandikwa kwa mkato mkali. Alama ya mdomo uliofunguka, <, maana yake "limetoka kwenye", na husomwa kwenda nyuma: kilicho kulia kwake ndicho cha zamani zaidi. Nyota mbele ya neno maana yake halijapatikana katika maandishi yoyote, limekisiwa kwa kanuni za sauti. OE ni Kiingereza cha kale, OF ni Kifaransa cha kale. Na kuna "cf.", ambayo ndiyo mtego. Maana yake ni "linganisha na". Neno linalofuata cf. si mzazi, ni ndugu au jirani aliyetajwa kwa kulinganisha. Mtu akiona jina la lugha ya Kijerumani mbele ya alama hiyo, upesi anaandika "limetoka Kijerumani". Naona makosa ya aina hiyo mara kwa mara magazetini na kwenye vitabu vya shule.

Kamusi ndogo ya mfukoni haifai kwa kazi hii, kwa sababu haina kabisa sehemu ya asili. Inatakiwa kubwa, yenye mwaka wa kwanza wa maandishi. Ukishaipata, andika kwanza mwaka na maana ya neno wakati huo, si maana ya leo. Halafu uliza neno lilikuwa mikononi mwa nani mwaka huo: mabaharia, mapadri, wauza nguo? Halafu njia: je, watu hao walifika huko neno linakosemekana kutoka? Sauti zije mwisho, na zipimwe kwa mifano mingine mitatu au minne inayogeuka kwa namna ile ile. Mfano mmoja unaweza kuwa bahati. Hatua inayorukwa zaidi ni ya mwaka, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Hatua hiyo pekee inatosha kuzika ule ujumbe unaozungushwa kwenye simu kwamba "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia kwa Kiingereza. "News" ni "new" iliyotiwa s ya wingi, mambo mapya, kama Kifaransa kinavyosema "nouvelles", na lipo tangu mwisho wa karne ya 14. Mtindo wa kuunda maneno kwa kuunganisha herufi za kwanza ulishika hasa katika karne ya 20. Ukiambiwa neno la zamani kuliko hapo limeundwa hivyo, karibu mara zote ni porojo.

Makala imeahidi kwamba sehemu ya pili itahusu Bagamoyo na biashara ya sandarusi, yaani utomvu wa mti uliokauka, wa kutengenezea vanishi. Hapo pana mitego miwili, heri niitaje mapema. Waingereza huita sandarusi "copal", na neno hilo tena ni la Mexico: kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, "copalli" ni ubani au utomvu wa kufukiza. Wahispania walilichukua, Waingereza wakalipata katika karne ya 16, na biashara ya sandarusi ya pwani yetu iliposhamiri karne ya 19 walilibandika juu ya utomvu wa mti wa Afrika usiohusiana na ule wa Mexico. Ni sawa na yaliyoipata mkonge. "Sandarusi" yenyewe ni ya Kiarabu, na nyuma yake iko Kigiriki.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Sandarusi bora, iliyokuwa ikipiganiwa na watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani, ni ile iliyokaa ardhini muda mrefu mpaka ikawa ngumu. Ilichimbwa bara ya Bagamoyo hata mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka. Mbichi, ambayo haijakomaa, wenyeji waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Wazungu wa Unguja walilisikia neno hilo, likawashinda, wakaligeuza liwe la kwao: "jackass copal". Jackass ni punda dume. Mwandishi akikutana na jina hilo katika vitabu vya karne ya 19, asiende kumtafuta punda Bagamoyo.

Wako msomaji,
Ngamiani, Tanga